Kondoo Walaji wa Shaba

Kondoo wa kwanza alikojoa kahawa. Ndivyo mzee mchungaji alivyonieleza kwenye simu alfajiri, kabla sijafungua mlango wa mashine yangu ya kusaga: "Mama, kuya uone. Kondoo iko nakojoa kahawa." Nikamwambia ampe maji, nitafika mchana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto: "Mama. Kuya."

Ilikuwa Oktoba 2021, ule mwezi ambao Lubumbashi nzima, hapa kwetu Kongo, inatazama juu ikingoja mvua. Mawingu yanajikusanya kila alasiri, upepo unainua vumbi jekundu, halafu hakuna kitu. Nilichukua pikipiki hadi shambani, barabara ya Kasenga, nikamkuta kondoo amesimama peke yake chini ya mti, kichwa chini, masikio yamelegea. Mzee akamfunua kope. Ndani palikuwa pa manjano kama bizari. Fizi vilevile. Na nyuma yake, mchangani, mkojo ulikuwa umeacha doa la rangi ya kahawa iliyolala. Kabla ya saa saba alikuwa amekufa. Kesho yake wakafa wawili. Wiki mbili zilipokwisha, kati ya kondoo 23 nilikuwa nimezika saba.

Na ng'ombe, waliokuwa wakilamba kwenye hori lilelile, walikuwa wamelala kivulini wanacheua, ngozi zinang'aa. Sikuwahi kuwaona wamenona vile mwezi wa kumi.

Mimi sikuzaliwa kwenye ufugaji. Nina mashine ya kusaga mahindi pale Katuba, na kazi yangu miaka yote imekuwa kuhakikisha watu wanapata unga wa bukari, yaani ugali. Mifugo iliingia kwetu mwaka 2018 kwa mlango wa nyuma: shemeji yangu alipata kazi mgodini Kolwezi, akatuachia ng'ombe 11 na kondoo kama kumi na wawili, "mniangalizie kidogo tu". Kidogo hicho mpaka leo hakijaisha. Mume wangu ana kazi yake mjini; mimi ndiye niliyekuwa na pumba, basi mimi nikawa mwenye ng'ombe.

Pamoja na mifugo tulimrithi mzee mchungaji. Ujana wake aliumalizia kwenye ranchi za uwanda wa Biano, na ng'ombe anawasoma kutoka mbali, kwa mwendo tu. Kondoo hawaheshimu. Kwake kondoo ni mbuzi aliyekosa akili. Mimi namwita Papa, naye ananiita Mama ingawa kwa umri ningekuwa binti yake wa mwisho.

Kwetu mvua hukatika Aprili, na baada ya hapo ni nusu mwaka bila tone la maana. Mei nyasi ni ndefu kuliko ndama, na mtu mgeni kama nilivyokuwa mimi hutazama akasema chakula kipo. Juni na Julai baridi inashuka, watu wanaota moto wa makala, yaani makaa, asubuhi, nyasi zinakauka zikiwa zimesimama. Halafu moto. Mwaka wa kwanza ulitoka kwa wachoma makala upande wa pili wa kijito, na kwa mchana mmoja ukala nusu ya malisho niliyokuwa nikiyahesabu kama akiba yangu. Siku hizi Papa anachoma ukanda mwembamba kuzunguka shamba mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado na maji kidogo, ili moto wa Agosti ukija ukose pa kupita.

Lakini hata zile nyasi zilizobaki hazikusaidia, na hilo ndilo lililonichanganya. Agosti ile ng'ombe walirudi kila jioni matumbo yamejaa, nyonga zimechomoza kama vigingi vya hema. Ninavyojua mimi, mwenye njaa tumbo lake ni tupu. Hawa walikuwa wanashiba na wanakonda.

Aliyenifungua macho ni kijana aliyekuwa akimalizia udaktari wa mifugo hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tulimwita Dokta tangu hajapata cheti. Alisema ng'ombe hasagi nyasi yeye mwenyewe. Wanaozisaga ni vijidudu visivyohesabika vinavyoishi kwenye tumbo lake kubwa la kwanza. Ng'ombe anaishi kwa kazi ya vijidudu hivyo, na mwisho anavimeng'enya vyenyewe. Navyo vinataka protini. Nyasi ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya protini vinazorota, na nyasi zetu za Agosti hushuka hadi 3 au 4. Basi nyasi inakaa tumboni siku nyingi bila kusagika, na kwa kuwa tumbo limejaa, mnyama hana pa kuweka nyingine. Mimi nikamwelewa kwa njia yangu: mashine ipo, mahindi yamejaa mdomoni mwake, wafanyakazi hawajalipwa. Katika mji huu nani asiyejua kiwanda kilichojaa mali huku wafanyakazi wake wanadai mishahara?

Jambo jingine lilikuwa mifupa. Siku moja nilimkuta ng'ombe mwenye ndama akitafuna taya la mbuzi aliyekufa zamani, macho amefumba kwa raha kama mtoto anayenyonya pipi. Papa alimkimbilia akamnyang'anya kwa fimbo. Huko Biano, alisema, waliona ng'ombe wakianza na mifupa, wakamalizia kwa kulala chini miguu imelegea, ulimi nje, hawawezi kumeza. Dokta akathibitisha: udongo wetu wa misitu ya miombo ni mchachu na maskini wa fosforasi, nyasi zinazoota juu yake ni maskini vilevile, na mnyama anayekosa fosforasi huitafuta mahali mwili wake unapoikumbuka, yaani kwenye mfupa. Ubaya ni kwamba mfupa wa mzoga unaweza kubeba ile sumu inayolegeza misuli.

Kumbe fosforasi nilikuwa nayo mimi, Katuba, magunia na magunia. Pumba ya mahindi inayo tele, na ina protini kuliko nyasi kavu mara mbili au tatu. Miaka yote nilikuwa nikiwauzia wafuga kuku na nguruwe wa Ruashi. Mwaka 2019 nikawaambia wateja wangu wanisamehe, sehemu kubwa ya pumba sasa ina wenyewe. Mmoja alinuna mpaka leo.

Nilianza Juni, wala sikungoja mbavu zionekane. Hapo Dokta alinishikilia sana: mnyama aliyekwisha kukonda Septemba kumrudisha ni gharama kubwa kuliko kumzuia asikonde. Na tulianza na konzi, tukaongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi kilo mbili kwa ng'ombe kwa siku, maana vile vijidudu vya tumboni vikizoea nyasi haviwezi kugeukia unga kwa usiku mmoja. Hili la mwisho nililithibitisha bila kutaka. Kondoo wawili walivunja mlango wa ghala, wakala mahindi na pumba usiku kucha, asubuhi wamevimba wanasaga meno, mmoja hatukuweza kumwokoa.

Mwaka ule ng'ombe waliacha mifupa. Ninasema hivyo wazi kwa sababu Papa mwenyewe, ambaye haamini kitu kinachotoka kwenye gunia, alinipigia simu kunieleza kwamba yule mama wa taya la mbuzi amepita juu ya mfupa bila kuinama. Nilijisikia kama nimegundua madini.

Furaha hiyo ilidumu hadi Septemba. Kondoo madume tuliowahasi ili wanenepe wauzwe Krismasi walianza kusimama wamejinyoosha, mkia unatikisika, wanajikamua, hakitoki kitu au yanatoka matone. Dokta akamlaza mmoja, akamtoa uume, akaonyesha kile kikia chembamba kilichopo kwenye ncha yake. Akakikata. Ikatoka chembechembe kama mchanga wa mtoni, kisha mkojo mrefu, na kondoo akainuka akaenda kula kama hakuna lililotokea. Mwenzake tulichelewa, kibofu kilipasuka, tumbo likajaa maji.

Ilikuwa ni ileile pumba. Ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Kwa ng'ombe waliokuwa wakitafuna mifupa ilikuwa dawa; kwa kondoo aliyehasiwa, mwenye mrija mwembamba kama uzi, ikageuka mawe. Tukaanza kuchanganya unga wa mawe ya chokaa, kilo moja na nusu kwa kila kilo 100 za pumba ya kondoo, ili kalsiamu ipande, tukaongeza chumvi ili wanywe maji zaidi. Nasema mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, si ile chokaa ya kupaka kuta iliyochomwa, ambayo ingewaunguza midomo. Kwa kitu hicho Katanga hatuna shida: Likasi wana mawe ya Kakontwe.

Ningekuwa mtu wa kusikia mara moja, hadithi hii ingeishia hapa.

Mwaka 2020 tulitengeneza matofali ya kulamba. Pumba nilikuwa nayo, lakini mifugo iliongezeka na mashine haikutoa pumba ya kuwatosha wote, hasa umeme ukikatika siku tatu mfululizo. Dokta akaleta wazo la urea, hii hii mbolea ya mahindi. Vijidudu vya tumboni vinaweza kuigeuza kuwa protini, ila lazima vipate na kitu kitamu cha kuvipa nguvu, na kitamu hicho ni molasi. Kwetu inatoka Zambia, kwenye madebe ya plastiki yanayopita mpakani Kasumbalesa. Kwa kilo 100: molasi 40, pumba 35, urea 10, saruji 10, chumvi 5. Tulikoroga molasi na urea kwanza, muda mrefu, hadi punje zote ziyeyuke. Kisha chumvi, kisha saruji, pumba mwisho. Tukashindilia kwenye vibao vya kufyatulia matofali, tukaanika kivulini kama siku tano. Mume wangu alipoona saruji aliuliza kama sasa ng'ombe wanajengewa tumboni. Saruji kazi yake ni kulifanya tofali liwe gumu, ng'ombe alikwangue kwa ulimi asilimege kwa meno, maana urea ikiingia kwa mkupuo ni sumu.

Hapo kwenye sumu nitakaa kidogo, kwa sababu jirani yetu alipoteza ng'ombe wawili. Aliona tunafanya, akaamua kurahisisha: akayeyusha urea kwenye maji ya kunyweshea. Walianza kutetemeka, povu mdomoni, matumbo juu kama ngoma, na kabla mtu hajafika na siki walikuwa chini. Siki lita kadhaa na maji baridi mengi ndiyo huduma ya kwanza, na chupa zetu zimekaa kwenye kibanda cha Papa hadi leo zimefunikwa vumbi, Mungu asaidie. Sisi matofali yanakaa chini ya bati, kwa sababu mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba ikijaa juu ya tofali inatengeneza dimbwi la urea na ng'ombe mwenye kiu hachagui. Ndama walio chini ya miezi sita hawapewi kabisa. Tumbo lao kubwa bado halijakomaa. Na mnyama aliyeshinda njaa halambishwi hadi ale nyasi kwanza.

Matofali yalifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Zile nyasi za rangi ya mkeka, ambazo mwaka wa kwanza walizikanyaga, sasa walizila. Dokta alikuja Septemba akawapima kwa macho na mkono, akipapasa mbavu na nyonga, akitoa alama kuanzia 1 ya mifupa mitupu hadi 5 ya mafuta. Wengi walikuwa 3. Mwaka wa kwanza, alisema, walikuwa 2 na kushuka.

Kwa hiyo mwaka 2021 nilikuwa na kiburi. Lazima niseme hivyo. Nilikuwa na pumba, matofali, ukanda wa moto, na watu wa barabara ya Kasenga walianza kuniuliza maswali. Dokta, ambaye sasa alikuwa na cheti na kazi Likasi, aliniambia kwenye simu kwamba kinachobaki ni madini madogo madogo: zinki, iodini, kobalti, vitu vya namna hiyo, na kwamba mjini kuna unga wake. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza zaidi. Nikaenda kwenye duka moja mjini, nikanunua gunia zuri lenye picha ya fahali mnene, maandishi yote ya Kiingereza. Nikamuuliza muuzaji kama linafaa kondoo pia. Akasema, "Mama, hii ni ya nyama zote," yaani wanyama wote. Nikanunua mawili.

Kuanzia Julai tulichanganya na chumvi, tukaweka kwenye hori moja katikati ya zizi. Ng'ombe walilamba kistaarabu. Kondoo walilipenda kupita kiasi. Walikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na mimi nilisimama nikiwatazama kwa moyo mweupe: angalia, hata wanyama wanajua kilicho kizuri. Miezi mitatu hakuna aliyekohoa. Mwanzoni mwa Oktoba nikaamua wanyweshwe dawa ya minyoo kabla ya mvua. Tukawakusanya, tukawakamata mmoja mmoja juani kutwa nzima, wakahangaika wakahema, jioni tukawahamishia zizi jipya. Siku mbili baadaye simu ikalia alfajiri.

Dokta alikuja kutoka Likasi kwa yule kondoo wa tatu. Alimpasua chini ya mti, mimi nimeshika taa ya simu ingawa ilikuwa mchana, sijui kwa nini. Ini lilikuwa la manjano, linakatika kwa kidole. Figo zilikuwa nyeusi, nyeusi ya kung'aa, kama chuma kilichopoa kutoka motoni. Akaziweka juu ya jani, akazitazama, akaniuliza wamekula nini. Nikataja vyote kwa fahari iliyokuwa inaniishia. Alipofika kwenye unga akaomba gunia. Akaligeuza upande ambao mimi sikuwahi kuugeuza, akashusha kidole kwenye orodha ya herufi ndogo hadi kwenye mstari mmoja, akanipa nisome.

Cu, miligramu 1,500 kwa kilo.

Baba yangu mzazi alifanya kazi tanuruni. Nimekulia kwenye nyumba ambayo moshi wa bomba lile kubwa ndio ulikuwa saa yetu. Hakuna mtu Lubumbashi anayehitaji kuambiwa Cu ni nini.

"Mama," Dokta akasema, "kondoo wako wamekula shaba."

Alinifafanulia tukiwa tumekaa kwenye matofali. Kila mnyama anahitaji shaba kidogo. Ng'ombe akizidishiwa, ini lake linaitoa kwa nyongo, na anavumilia hadi kama miligramu 40 kwa kila kilo ya chakula kikavu. Kondoo hajui kuitoa hivyo. Ikipita 15 hivi ini lake linaanza kuiweka akiba, siku kwa siku, wiki kwa wiki, bila dalili yoyote: anakula, ananenepa, anacheza. Halafu anapata mshtuko, njaa, safari, joto, kukimbizwa, na ini linaachia yote kwa mara moja kwenye damu. Chembe nyekundu zinapasuka. Rangi yake inatoka kwenye mkojo, na manjano inapanda machoni. Kutwa ile ya dawa ya minyoo, niliyodhani nawatunza zaidi, ndiyo iliyofungua mlango.

Usiku ule nilipiga hesabu kwenye daftari la mashine. Kondoo aliyelamba gramu 20 za unga ule kwa siku alipata miligramu 30 za shaba. Anakula kama kilo moja ya chakula kikavu. Ongeza ile iliyomo kwenye nyasi na pumba zenyewe. Mara mbili ya mpaka wake, na zaidi, siku tisini mfululizo.

Watu walisema ni moshi. Wengine walisema ni maji. Ni kawaida hapa kusingizia moshi, na si kila mara ni uongo. Dokta mwenyewe alisema karibu na matanuru vumbi linaloangukia majani linaweza kuongeza mzigo. Lakini sisi tuko mbali, na gunia peke yake lilitosha. Mji huu umeyeyusha shaba viwandani tangu 1911, na karne nyingi kabla ya hapo wazee wa Katanga waliiyeyusha kwenye vichuguu, wakaimimina kuwa misalaba ya kununulia mali; wafua shaba hao ndio walioitwa walaji wa shaba. Ilibidi nifuge kondoo ndipo nipate kuona walaji wenyewe.

Nilirudi dukani na gunia mkononi. Chini kabisa, kwa herufi ambazo hata kijana angekunja uso, iliandikwa kwamba kondoo wasipewe. Muuzaji akanionyesha hapo hapo, akasema, "Hamusomake," yaani huwa hamsomi. Niliondoka nimekasirika mpaka nikapotea njia ya kurudi Katuba, ndani ya mji nilioishi maisha yangu yote. Alikuwa amenidanganya, hilo ni lake. Ila mimi ndiye niliyekuwa nimekaa miezi mitatu na kitu kilichoandikwa nisikigeuze.

Waliobaki 16 hatukuwa na dawa yao. Ipo, chumvi za molibdeni pamoja na salfati zinazoikamata shaba na kuitoa, lakini kwenye maduka ya dawa za mifugo tuliyozunguka hakuna aliyekuwa nayo. Tulichofanya ni kuondoa unga, kuwapa kivuli, maji, majani, na utulivu. Utulivu ndio ulikuwa kazi ngumu kwa Papa. Kwa miezi mitano aliwachunga kama mayai, bila kupiga kelele, bila mbwa. Januari mbwa wa jirani aliwakimbiza mara moja tu, wa nane akakojoa kahawa.

Sasa hori la ng'ombe ni pipa lililopasuliwa kwa urefu, limeinuliwa kwenye nguzo kifuani pa ng'ombe, ndani ya uzio ambao kondoo hawaingii. Kulikuwa na dume mmoja aliyejifunza kusimama kwa miguu ya nyuma, huyo tulimuuza. Kondoo wana chao: chumvi yenye iodini na unga wa mawe ya chokaa, basi. Protini wanaipata kwa pumba, mashudu ya karanga yasiyo na ukungu, na majani ya lusina, mti wa malisho tulioupanda kando ya kijito, yasizidi theluthi moja ya wanachokula kwa sababu nayo ina sumu yake. Hayo majani mabichi yanawafaa kwa kingine pia, maana nyasi kavu haina vitamini A, na mwaka wa pili tulikuwa na kondoo mwenye mimba aliyekuwa akigonga miti jioni. Mifupa ya machinjio tunaichoma hadi iwe myeupe na myepesi, tunaitwanga, ni ya ng'ombe wanaokwenda malisho ya mbali wasikofikiwa na pumba. Chakula cha kuku hakikaribii zizi la kondoo, wala samadi ya kuku, wala ile sulfati ya shaba ambayo wengine huitia kwenye maji ya kuoshea kwato. Kondoo hulamba chochote.

Fedha ya haya yote inatoka kwa ng'ombe mmoja mzee, tunayemuuza Mei akiwa bado na nyama. Nilikuwa nikimngojea Septemba "bei ipande", kumbe ni yeye anashuka. Mei ndipo mahindi yanapotoka shambani na pumba ni nyingi. Septemba kila mtu anaitafuta. Na maji: Oktoba ng'ombe mmoja anamaliza lita 50 kwa siku, na kumpa chumvi mnyama usiyeweza kumnywesha ni kumtesa. Tulichimba kisima kirefu zaidi kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Shemeji hakuambiwa kitu hadi alipokuja Krismasi ya mwaka ule. Alifika shambani na viatu vya mgodi, akahesabu ng'ombe wake, wakawa 17, akacheka, akampa Papa mkono mara mbili. Kisha akauliza kondoo wa sherehe yuko wapi. Nikaingia kibandani nikamletea gunia. Alilisoma nyuma, akifuata kwa kidole kama Dokta, na kidole kikasimama palepale. Akapiga hesabu kimya, midomo inacheza.

"Shemeji," akasema, "hii ni asilimia sifuri nukta kumi na tano. Kule kwetu jiwe lenye shaba kidogo hivi tunalitupa."